Nilivyouziwa kitabu changu mwenyewe: ushauri kwa wanaosahihisha kanzidata za vitabu vya katuni

Jumamosi iliyopita, pembeni mwa Mtaa wa Samora, pale ambapo wauza vitabu vya mitumba hutandaza bidhaa zao juu ya maturubai, niliuziwa kitabu changu mwenyewe kwa shilingi elfu nane. Nilikitambua kabla sijakiinua, kwa sababu pembe ya chini ya jalada lake ililiwa na panya nyumbani kwangu Tabata, na nilipofungua upande wa ndani wa jalada la nyuma nikaikuta namba 0417 niliyoiandika kwa penseli kwa mkono wangu. Kijana aliyekuwa akikiuza aliniapia kwamba kitabu hicho ni adimu na kwamba kuna wazee wanaokisaka mji mzima. Kitabu chenyewe si adimu hata kidogo, ila kuhusu wazee hakukosea sana, kwani mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yake, na mzee huyohuyo ndiye aliyekiuza miaka miwili iliyopita, pamoja na vingine ishirini na tisa, kwa shilingi elfu arobaini kwa mkupuo. Nililipa bila kuomba apunguze.

Nisingeiandika habari hii kama wiki hiyohiyo nisingepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbeya. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Nina vitabu vya katuni kama mia sita na nimeshaviingiza vyote kwenye kompyuta, lakini orodha imejaa makosa na majina yanagongana. Nianzie wapi kusahihisha?" Mdogo wangu, marahaba. Jibu fupi ni kwamba uanzie kabatini, wala si kwenye kompyuta. Jibu refu linanitia aibu, lakini nadhani ndilo litakalokufaa.

Vitabu vyangu vingi nilirithi kwa mjomba, ambaye alikuwa karani wa reli na alikuwa akinunua vitabu vya katuni kama wengine wanavyonunua sigara. Alipofariki aliniachia masanduku mawili ya bati na kaunta buku moja, ambamo aliandika kila kitabu kwa mwandiko wa mlazo usio na doa. Mimi kwa kazi yangu ni mtunza ghala. Nimetunza stoo kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kushindwa kueleza boksi limekwenda wapi, kwa hiyo nilipoamua kuhamisha kaunta buku ile kwenye kanzidata sikuona kwamba kuna mtu wa kunifundisha. Miezi saba ya kuingiza rekodi 1,846 sitaisimulia, maana haina lolote zaidi ya maumivu ya mgongo.

Kaunta buku ya mjomba ilikuwa na safu tano: jina, namba ya toleo, bei, mahali aliponunua, na safu ya tano isiyo na kichwa cha habari, yenye tarakimu tupu kama 131 au 167. Nilidhani ni idadi ya kurasa, nikahesabu kurasa, hazikulingana. Nilidhani ni namba ya rafu, lakini mjomba hakuwahi kuwa na rafu. Mwishowe niliamua kwamba ni mazoea ya mzee yasiyo na maana, nikaiacha safu hiyo nje. Ukitaka kujua kosa langu lilizaliwa siku gani, lilizaliwa siku hiyo, na yote yaliyofuata ni watoto wake.

Sabasaba ya mwaka juzi, wakati wenzangu wakiwa viwanjani, nilikaa kusafisha kanzidata. Niliiamuru programu initafutie rekodi zote zenye jina moja, namba moja na mchapishaji mmoja, nayo ikanitolea rekodi thelathini na moja za ziada, takriban zote za Classics Illustrated, ule mfululizo wa Marekani wa riwaya maarufu zilizogeuzwa kuwa katuni. Namba 5, ambayo ni Moby Dick, nilikuwa nayo mara tatu. Nilifuta rekodi zile kwa raha ile aipatayo mtu anapofagia uwanja mpaka ukang'aa, na kwa kuwa mama watoto alikuwa amelalamika muda mrefu kuhusu masanduku yaliyoziba korido, vitabu vyenyewe niliviweka kwenye mfuko wa sandarusi, nikapanda daladala hadi Posta.

Ilichukua miezi minne kabla sijaelewa nilichokifanya. Mfululizo ule ulianza Oktoba 1941 kwa jina la Classic Comics, ukabadilishwa jina mwaka 1947 kuanzia namba 35, na tofauti na vitabu vingi vya katuni vya wakati wake, matoleo yake yalikuwa yakichapwa upya mara kwa mara kwa miaka mingi. Nyingi kati ya chapa hizo za marudio zilibaki na tarehe ya chapa ya kwanza, hivyo kuitazama tarehe hakukusaidii. Kinachosaidia ni orodha ya matoleo mengine yanayoweza kuagizwa, ambayo mchapishaji aliiweka kwenye jalada la nyuma: ikiwa kitabu ni namba 5 na orodha yake inafika 167, basi hakiwezi kuwa kimechapwa kabla ya toleo la 167 kupangwa. Namba ya juu kabisa katika orodha hiyo ndiyo inayowawezesha wakusanyaji kutenganisha chapa moja na nyingine, na kati ya chapa ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti kubwa ya thamani.

Ndiyo, safu ya tano. Mjomba, ambaye hakuwahi kusoma mwongozo wowote wa wakusanyaji, aliandika mahali orodha ya nyuma ilipoishia, nadhani ili ajue ni kitabu kipi kitamwonyesha majina mapya ya kuagiza. Nakala zake tatu za namba 5 zilikuwa na namba tatu tofauti. Hazikuwa marudio, zilikuwa chapa tatu, na mimi, mtunza ghala wa miaka kumi na tisa, nilifuta mbili. Sikuwa na nakala rudufu ya kanzidata kabla ya usafi ule. Kilichoniokoa ni kaunta buku, na kwa kweli hata yenyewe nilikuwa nimeshaifikiria kuichoma.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbeya, usifute safu usiyoielewa, na usifute rekodi kwa sababu inafanana na nyingine. Chukua vitabu vyote viwili, viweke mezani kimoja kando ya kingine, uvikague bei, jalada la nyuma, maandishi madogo ya ndani, kisha ndipo useme ni marudio. Nakala za Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, zilizouzwa Uingereza, kwa mfano, zilichapwa kulekule Marekani pamoja na zile za senti, zikabadilishwa bei tu kuwa peni, na mtu asiyeishika nakala mkononi atadhani mwenye kuingiza rekodi alikosea sarafu. Najua, kwa sababu nilizisahihisha sita kwa namna hiyo.

Sisemi kwamba makosa yote yanataka busara ya namna hii. Mengine ni takataka za kompyuta, nayo unaweza kuyasafisha bila huruma, mradi unayajua yanakotoka. Orodha yangu ya kwanza niliiandika kwenye Ekseli, na Ekseli ina tabia ya kudhani kila kitu ni tarehe. Toleo la pamoja la namba 6-7 liligeuzwa kuwa tarehe 6 Julai. Bei ya zamani ya Uingereza ya shilingi moja na peni tatu, inayoandikwa 1/3, iligeuka tarehe 1 Machi, na kwa mwaka mzima nilikuwa na vitabu kumi na viwili ambavyo kwa mujibu wa kanzidata yangu viligharimu mwezi wa Machi. Dawa ni kuiambia programu tangu mwanzo kwamba safu hiyo ni ya maandishi. Vilevile amua mapema kama jina litaanza na "The" au la, maana Spider-Man wangu alikaa kwenye herufi mbili tofauti na nikanunua tena toleo nililokuwa nalo.

Jina la kitabu nalo ni mtihani, na hapa nina kidonda ambacho bado hakijapona. Mwaka jana nilijiunga na kanzidata moja ya wazi ya kimataifa, ambayo mtu yeyote anaweza kuipelekea marekebisho na wahariri wake wakayapitia. Niliona wameandika "Thor" tu kwa mfululizo ulioanzia namba 126, Machi 1966, ilhali majalada niliyokuwa nayo yalisomeka "The Mighty Thor" kwa herufi kubwa kama nyumba. Niliona pia kwamba mfululizo huo hauna namba 1 hadi 125, nikauwekea alama ya upungufu. Nilipeleka marekebisho arobaini kwa usiku mmoja. Ishirini na saba yalirudishwa, yakiambatana na sentensi moja tu iliyonitaka nisome maelezo ya uchapishaji. Hakuna salamu wala shukrani. Nilikuwa nimekesha hadi saa nane za usiku, katika joto la Februari, umeme umekatika na kompyuta ikitumia chaji yake ya mwisho, na malipo yangu yakawa sentensi moja.

Mhariri yule alikuwa sahihi, ingawa sijui kama mamaye alimfundisha adabu. Jina rasmi la kitabu cha katuni halisomwi kwenye jalada, ambako wachoraji hulinyoosha na kulipamba wanavyotaka kila mwezi. Husomwa katika yale maandishi madogo ya uchapishaji, ambayo kwa kawaida yapo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada, na humo imeandikwa "Thor". Kuhusu namba zilizokosekana, hazikukosekana: kitabu hicho kilikuwa kikiitwa Journey into Mystery hadi namba 125, kisha kikabadilishwa jina na kuendelea kuhesabu kilipofikia. Captain America naye alianzia 100 mwaka 1968 kwa sababu alirithi hesabu ya Tales of Suspense iliyoishia 99. Anayetafuta Captain America namba 1 wa mwaka huo atatafuta hadi mvi zimtoke.

Hata mwezi ulioandikwa juu ya jalada si mwezi ambao kitabu kiliuzwa. Action Comics namba 1 ina jalada la Juni 1938 lakini iliingia sokoni Aprili 18, kwa kuwa tarehe ya jalada ilimsaidia muuzaji kujua lini aondoe kitabu kwenye meza. Ukiwa na tarehe mbili zinazopingana kwenye kanzidata yako, usikimbilie kufuta moja. Tengeneza safu mbili. Nimeshalisema jambo hili kwa namna nyingine hapo juu na nitalisema tena, kwa sababu wakusanyaji wengi tuna kiburi cha kudhani kwamba palipo na majibu mawili lazima moja liwe uongo.

Lakini dhambi niliyoijutia zaidi niliitenda nyumbani. Ninayo majarida ya Sani, jarida la katuni la hapa nchini, lile lililopata jina lake kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na katika rekodi zangu jina la huyu wa pili nilikuwa nimeliandika kwa namna nne. Hilo lilirekebishika kwa dakika kumi. Kubwa zaidi ni kwamba kila ukurasa wenye Ndumilakuwili au Lodi Lofa nilikuwa nimeuandikia Philip Ndunguru, kwa kuwa sote tunajua kwamba wahusika hao ni wake. Ndunguru alifariki mwaka 1986. Wahusika wake waliendelezwa na mikono mingine, na mimi nilimchorisha marehemu hadi mwaka 1994, nikiwanyang'anya jasho lao wachoraji wa nchi yangu ambao huenda wengine wanapita Kariakoo kila siku bila mtu kuwatambua. Sasa nina safu ya aliyembuni mhusika na safu nyingine ya aliyechora ukurasa, na pasipo na saini naandika "haijulikani". Kwenye Sani peke yake nimeliandika neno hilo mara mia moja na sita. Zamani ningeona aibu kuwa na mapengo kiasi hicho, na ningeyaziba kwa jina lolote lililokuwa karibu na ulimi. Ndugu zangu, tuache tabia hii. Ukiandika jina la kubahatisha leo, kesho mwenzako atalinakili kutoka kwako, na keshokutwa wewe mwenyewe utaliona kwake na kulichukua kama ushahidi.

Siku hizi kabla sijabadilisha chochote naandika kwenye daftari thamani ya zamani, thamani mpya, tarehe, na kitabu nilichokishika mkononi nilipoamua. Kila Ijumaa natunza nakala ya kanzidata nzima kwenye flashi ambayo inakaa kwa dada yangu Kigamboni, ng'ambo ya maji, maana Tabata nimeshaona mvua ikiingia hadi sebuleni. Kazi inakwenda polepole sana. Mwezi uliopita nilisahihisha rekodi tisa tu.

Rekodi ya 0417 nimeirudisha, pamoja na safu ya tano, ambayo nimeipa jina la mjomba kwa sababu sikupata jina zuri zaidi. Ni Moby Dick, orodha yake inaishia 167, yaani ni chapa ya baadaye isiyo na thamani kubwa. Zile nyingine mbili bado ninazo: moja niliichagua ibaki, na ya pili, ambayo rekodi yake niliifuta, kumbe niliisahau ikiwa imebanwa chini ya kifuniko cha sanduku, kwa hiyo haikuuzwa. Nilivyouza na bado sijavipata ni vitabu ishirini na tisa. Kijana wa Samora anakumbuka kwamba vingi vilichukuliwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akipita kila mwisho wa mwezi, mrefu, mwenye miwani, ambaye alisema anavipeleka shuleni kwake huko njia ya Bagamoyo. Ukiwa na kitabu cha Classics Illustrated, fungua upande wa ndani wa jalada la nyuma, utazame pembe ya chini kushoto: ukiona namba ya penseli kati ya 0388 na 0452, sitakuomba unirudishie. Nisomee tu namba inayoishia orodha ya nyuma, ili niweze kuilinganisha na kaunta buku.