Sinthesaiza ya moduli kwa laki mbili: anza na sabufa iliyokufa

Mkuu uliyeuliza kutoka Iringa, nimekusoma. Una laki mbili mkononi, una laptopu ya chuo, na unataka kujua ununue moduli ipi kwanza. Usinunue yoyote. Nenda kwa fundi redio wa karibu yako, muulize kama ana sabufa iliyokufa.

Sikutanii. Moduli moja mpya ya Eurorack (saizi ambayo watengenezaji wengi huifuata), ya kawaida tu, huko zinakouzwa ni dola 150 hadi 300. Na ukishaipata haitoi hata mlio kama huna boksi lake, huna umeme wake na huna moduli ya pili ya kuchomeka nayo. Mimi nilianza nikiwa na pesa pungufu ya hiyo yako, hapa Mbeya, na mashine ya kwanza ilinila kama laki moja na sitini. Humo sijahesabu mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu, maana vyote nilikuwa navyo. Wala sijahesabu vilivyoungua. Hivyo nitavisema hapa chini kwa sababu ndivyo vyenye faida kwako.

Kwa wanaopita hapa na kujiuliza tunaongelea nini: sinthesaiza ya moduli ni kinanda kilichofumuliwa. Kipande kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinaupandisha na kuushusha, kingine kinahesabu hatua, na wewe ndiye unayeviunganisha kwa waya unavyotaka. Umeme wa kipande hiki unakiamuru kile. Ni hilo tu, mengine ni mbwembwe.

Sasa kwa nini sabufa? Anayeanza huwaza mlio, lakini kinachomshinda ni umeme. Mashine hizi zinataka volti 12 chanya, volti 12 hasi, na sifuri katikati. Adapta ya kawaida haikupi hasi. Fungua sabufa yoyote ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa IC (vile vidude vyeusi vyenye miguu ya chuma) za kukuza sauti za TDA2030 na mara nyingi utakuta transfoma ya 12-0-12, daiodi nne, na kapasita mbili nene za volti 25. Hiyo ni nusu ya kazi imeshafanywa na mtu mwingine. Mle mle kuna IC ndogo za 4558 kwenye sehemu ya besi na trebo. Zing'oe taratibu, utazitumia kwenye mikisa, yaani kipande cha kuchanganya milio, na miguu yake imepangwa sawasawa na TL072 ambayo watu wa nje wanaipenda. Kuna volyumu mbili tatu, jeki, bamba la alumini la kupozea. Yangu niliipata Mwanjelwa kwa shilingi 15,000, spika yake ilikuwa imepasuka na bodi imeungua upande mmoja, transfoma nzima. Fundi aliniuliza naenda kuifanyia nini, nikamwambia kinanda. Akanirudishia elfu mbili.

Baada ya kapasita zile mbili utapata kama volti 16 au 17 kila upande, na hapo unaweka 7812 upande wa chanya na 7912 upande wa hasi, IC za kuishikilia volti kwenye 12. Hapa simama kidogo, maana hapa ndipo nilipotoa moshi wa kwanza.

IC hizi mbili zinafanana kama mapacha lakini miguu yake haifanani. Ukizitazama zikiwa zimekuelekea, 7812 inaanza na mguu wa kuingiza, katikati sifuri, mwisho kutoa. 7912 inaanza na sifuri, katikati ndiyo ya kuingiza, mwisho kutoa. Hilo nililijua, nilikuwa nimesoma. Nisichokijua ni kwamba ule mgongo wa chuma umeungana na mguu wa katikati. Nikazifunga zote mbili kwa skrubu kwenye bamba moja la alumini, kwa raha zangu, nikachomeka. Mgongo wa 7812 ni sifuri, mgongo wa 7912 ni hasi ghafi kutoka kwenye kapasita, kwa hiyo nilikuwa nimepiga shoti kwa mkono wangu mwenyewe kupitia bamba. Transfoma ikanuka kama chapati iliyosahaulika. Dawa yake ilikuwa mezani muda wote: kile kikaratasi cha mika na kibushi cha plastiki kilichokuwa chini ya TDA2030. Usivitupe. Viweke chini ya 7912, kisha pima kwa mita kati ya mgongo wake na bamba, isilie.

Kama hujawahi kugusa umeme wa ukutani, tafadhali usijifunzie hapa. Volti 230 hazina mazoezi. Tafuta adapta mbili za volti 12 za ruta, zile za pini mbili. Unganisha hasi ya adapta ya kwanza na chanya ya adapta ya pili, pale zinapokutana pawe sifuri yako. Chanya iliyobaki ni 12, hasi iliyobaki ni hasi 12. Kuna kelele nyembamba inayobaki kwa nyuma lakini utalala salama. Hakikisha tu kwa mita kabla ya kuunganisha chochote.

Tuje kwenye mlio. IC moja tu: CD40106. Ndani yake kuna vigeuzi sita (ukikipa chanya kinatoa sifuri, ukikipa sifuri kinatoa chanya), na kila kimoja kinakuwa osileta, yaani kitoa mlio, kwa rezista moja na kapasita moja. Rezista inatoka mguu wa kutoa kurudi mguu wa kuingiza, kapasita inatoka mguu wa kuingiza kwenda sifuri. Weka volyumu ya mega-omu 1 mahali pa rezista, pamoja na rezista ndogo ya kilo-omu 10 kwa mfuatano ili usifike sifuri kabisa. Kwa kapasita ya nanofaradi 100 utaanza na mdundo wa taratibu, tak tak tak, hadi mlio mkali. Kwa mikrofaradi 1 unapata kitu cha polepole cha kuendeshea vingine. Sita kwa IC moja, mkuu. Mguu wa 14 chanya, wa 7 sifuri, na kapasita ya nanofaradi 100 kati yao karibu kabisa na IC, la sivyo osileta zitaanza kuvutana na kuimba pamoja bila ruhusa. Vigeuzi usivyovitumia, funga miguu yao ya kuingiza kwenye sifuri.

Mbeya sikuipata. Niliagiza Kariakoo, mzigo ukaja na basi, nikafurahi, nikachomeka, zikafa mbili ndani ya dakika moja. Kumbe duka lilikuwa limenipa 74HC14, "ni ileile kaka". Miguu ni ileile kweli, kazi ni ileile kweli, ila 74HC14 mwisho wake ni volti 6 na mimi nilikuwa nimeipa 12. Kwa hiyo ukiagiza, mwambie akutumie picha ya maandishi ya juu ya IC kabla hajafunga mzigo. Nyingine ya tatu niliiua mwenyewe mwezi wa Julai. Kipindi kile cha baridi kavu, wenyeji wa nyanda za juu mnakijua, unavua sweta unasikia cheche kwenye nywele. Cheche ile inatosha kuua IC za aina hii. Gusa chuma kilichoungana na ardhi kwanza, halafu ndiyo uishike.

Na mlio huo usiupeleke moja kwa moja kwenye sabufa yako nzima, achilia mbali simu. Unatoka na volti 12 kamili. Pitisha kapasita ya mikrofaradi 1, halafu rezista ya kilo-omu 100, halafu ya kilo-omu 10 kwenda sifuri. Chukulia sauti pale katikati.

Baada ya wiki moja utachoka na ule mlio wa honi. Ni kawaida. Hapo ndipo filta inaingia, na filta ya maskini ndiyo ninayoipenda kuliko zote, hata leo ambapo ningeweza kununua nyingine. Chukua LDR, kile kijicho kilichomo kwenye taa za ulinzi zinazojiwasha zenyewe usiku. Kiangalishe uso kwa uso na taa ndogo ya LED, vifunge pamoja kwa tepu nyeusi ya umeme hadi mwanga wa nje usipenye. Taa ikiwaka, ukinzani wa LDR unashuka, ikizima, unapanda. Pitisha sauti kwenye LDR, kisha kapasita ya nanofaradi 10 kwenda sifuri, kisha nusu ya 4558 kama kinga, ili kinachofuata kisiivuruge filta. LDR ikiwa kilo-omu 10 filta inakata karibu na Hz 1,600; ikifika mega-omu 1 inakata karibu na Hz 16, yaani sauti imezimika. Kwa kitu kimoja umepata kichujio na kipandisha sauti pamoja. Zaidi ya hapo, LDR ni mvivu, haizimi mara moja, kwa hiyo kila pigo linaishia laini kama ngozi ya ngoma iliyopigwa na kiganja. Don Buchla, mtengenezaji wa sinthesaiza kule Kalifonia, aliutumia uvivu huo huo kwenye mashine zake, kwa hiyo usione haya. Tepu yangu ya kwanza ilikuwa imeacha upenyo, na jua la asubuhi likiingia dirishani wimbo ulikuwa unapanda wenyewe. Nilidhani osileta inapata joto, nikaihangaikia siku mbili.

Kwa hatua tumia IC ya 4017, inapatikana kirahisi kwa sababu wanafunzi wa vyuo wanaitumia kwenye miradi ya taa za kukimbizana. Mapigo ya osileta ya polepole yaingie mguu wa 14, mguu wa 13 sifuri, wa 16 chanya, wa 8 sifuri. Kila mguu wa kutoa uwe na daiodi ya 1N4148 na volyumu yake, zote zikutane kwenye LED ya jozi ya pili ya LDR, na LDR hiyo ndiyo ikae mahali pa rezista ya osileta. Inahesabu hadi kumi. Mimi siitaki kumi, naunganisha mguu wa 5 na mguu wa 15 ili irudi mwanzo baada ya hatua sita, maana ngoma ninazozijua mimi zinakaa kwenye sita. Na kwa sababu ya ule uvivu wa LDR, noti haziruki, zinavutwa, kama mzee anayeimba bila haraka.

Sasa najua kuna mtu atakuja hapa kusema haiko kwenye kipimo cha volti 1 kwa oktavo. Haiko. Kipimo kile, ambacho Bob Moog, mtengenezaji wa sinthesaiza wa Marekani, alikianzisha miaka ya 1960, kinataka kila volti moja izidishe mara mbili marudio ya mlio (mitikisiko kwa sekunde), nusu toni ni milivolti 83 na kidogo, na osileta ya kukifuata inataka transista zilizolinganishwa na uvumilivu ambao mwaka wa kwanza hutakuwa nao. Tuni kwa sikio. Ilimba za Wagogo, zile marimba za kupigwa kwa vidole gumba, zinatuniwa kwa sikio na hakuna aliyezirudisha dukani.

Kitu kimoja tu cha Wajerumani ukifuate tangu mwanzo, ili siku ukinunua moduli ya kweli ikae na zako: vipimo alivyoviweka Dieter Doepfer miaka ya 1990 kwa mashine yake ya A-100, ndivyo hivyo vinavyoitwa Eurorack. Uso wa moduli una urefu wa milimita 128.5, upana unahesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, jeki ni za milimita 3.5 kama za earphone. Hilo halikuongezei gharama. Uso nilikata kwa mabaki ya fundi wa madirisha ya alumini, alinipa bure siku ambayo hakuwa na wateja. Ukitumia alumini, jeki zenye shingo ya chuma zinapata sifuri kupitia uso wenyewe. Ukitumia ubao au fomeka lazima upitishe waya wa sifuri kutoka jeki hadi jeki, ukisahau mmoja unapata mngurumo.

Boksi ni mbao ya msindano, yaani paini. Wewe uko jirani na Mafinga, vipande vya kwenye mashine za mbao havikushindi. Ila chukua mbao iliyokauka. Yangu ilikuwa mbichi, nikaikata milimita kwa milimita mwezi wa Februari, mvua kila siku. Ilipofika Agosti boksi limejikunja na moduli mbili haziingii tena. Bado ninalo, naweka misumari.

Laptopu usiiuze. Programu ya VCV Rack inapakuliwa bure, ni moduli zile zile kwenye skrini, na itakuonyesha kama kweli unahitaji filta tatu au umeona tu picha nzuri. Kama ni ya zamani itasuasua kwenye picha, punguza ukubwa wa dirisha.

Kwa laki mbili zako basi: sabufa kwanza, halafu IC na volyumu, jeki mwisho, na ubakize kama elfu thelathini ya kuunguza. Ukishaipata hiyo sabufa, kabla ya kuchomeka chochote weka hapa picha ya transfoma na maandishi yake. Usiamini rangi za waya. Pima omu: upande wa ukutani una waya mbili na ukinzani mkubwa, upande wa pili waya tatu na ukinzani mdogo sana, na ule wa katikati unasoma nusu kwa kila mwenzake. Ukikuta waya mbili tu upande huo wa pili, rudisha, uliza nyingine.