Maswali na majibu: Nyonga bandia na chupa ya damu

Mama ana miaka 74, ni mwembamba, na mwezi ujao anabadilishwa nyonga. Je, ataongezewa damu?

Umetaja umri na umbo, ukaacha namba ninayoidai kila siku: hemoglobini yake, yaani kiasi cha protini ya damu inayobeba oksijeni (gramu kwa desilita), ni ngapi? Nimechoka kupiga ramli. Upungufu wa damu kabla ya upasuaji ndio sababu kubwa ya mgonjwa kuongezewa. Umri, kuwa mwanamke na uzito mdogo navyo vimo: mwenye kilo 45 ana takriban lita 3 tu za damu mwilini, mwenye kilo 80 ana zaidi ya 5. Wote wakimwaga nusu lita, mwembamba ndiye anayeumia.

Apimwe wiki hii, asisubiri asubuhi ya upasuaji. Akiwa chini ya 13, chanzo kitafutwe. Wapo wanaovuja damu tumboni kidogo kidogo kwa diklofenaki na ibuprofeni walizomeza miaka kutuliza nyonga hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Muda ukibana, ipo chuma ya kudungwa mshipani. Na nyonga iliyosagika, tofauti na iliyovunjika, inaweza kungoja. Msikubali kukimbizwa na tarehe.

Niache mwenyewe dawa ya kuzuia damu kuganda?

Usithubutu. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini wa kukuambia hivyo ni daktari anayejua kwa nini ulipewa.

Kuna dawa ya kupunguza kuvuja?

Ipo: asidi ya traneksamiki, matunda ya kazi ya Utako Okamoto na mumewe huko Japani, iliyotangazwa mwaka 1962. Haiongezi damu, hulinda donge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema. Muulize daktari wa ganzi kama utapewa, na kama umewahi kupata kifafa au damu kuganda mguuni, mwambie kabla hajakuuliza.

Baba ametoka kupasuliwa, hemoglobini yake ni 8.9, na wanakataa kumwongeza damu. Wanatupuuza?

La. Kwa upasuaji wa mifupa, madaktari wengi husubiri hemoglobini ishuke chini ya 8. Utafiti uliochapishwa 2011, kwa wazee waliovunjika nyonga na wenye maradhi ya moyo au hatari nayo, ulionyesha kwamba kuwaongezea mapema, mara tu wanapokuwa chini ya 10, hakukupunguza vifo wala kuwasaidia kutembea. Acheni kudai damu ili "apate nguvu". Mzee akiongezewa harakaharaka, mapafu yanaweza kujaa maji. Ila akibanwa kifua, moyo ukienda mbio au akizimia kila akiinuliwa, iteni daktari hata kama namba ni 9.

Nyonga bandia ya zamani imelegea, inabadilishwa. Ni kama mara ya kwanza?

Sivyo. Kuna makovu ya kukata na kifaa cha kung'oa, kazi huchukua muda mrefu na damu humwagika zaidi. Kabla hujaingia chumba cha upasuaji, uliza kama damu inayokufaa imeshapimwa na kutengwa.