Kabla Hujasaini Kazi ya Saluni Yenye Matawi

Nilijifunza kusuka barazani kwa mama mkubwa, Tandika, nikianza na twende kilioni za watoto wa shule hadi nikafika kwenye rasta ndogondogo zinazokula siku nzima. Nilipopata kazi katika saluni yenye matawi sita jijini Dar es Salaam, niliamini kwamba mikono yangu ingetosha. Nilikaa huko miaka minne, na ninachotaka kumwambia mdogo wangu anayefikiria kazi hiyo ni kwamba barazani bei, muda na wateja unajipangia mwenyewe, lakini kwenye saluni ya namna hiyo yote hupangwa na mtu ambaye pengine hajawahi kushika kichana. Uliza mapema, na kila unachojibiwa ukiandike.

Anza na kamisheni. Mimi niliambiwa ningepata asilimia 30, nikafurahi, wala sikuuliza ni asilimia 30 ya nini. Mteja alipolipa shilingi 40,000, mimi nilijihesabia 12,000. Wao walitoa kwanza 15,000 ya pakiti za rasta, wakapiga hesabu kwenye 25,000 iliyobaki, nikapewa 7,500. Karatasi iliyosema hivyo nilikuwa nimeisaini mwenyewe bila kuisoma. Uliza pia kazi ikirudiwa nani anabeba gharama, na mteja aliyekuulizia siku yako ya mapumziko anahesabiwa kwa nani. Kuhusu saa za kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hapo zina malipo yake; ni vyema ulijue hilo kabla ya msimu wa sikukuu.

Baada ya malipo yale nilinunua daftari dogo nikawa naandika kila kichwa: tarehe, aina ya msuko, pakiti za rasta, bei. Sikujua kwamba daftari hilo lingenifaa zaidi upande wa dawa ya kulainisha nywele.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, benchi limejaa, na msimamizi anapita akihesabu dakika. Dada mmoja aliniambia, "Weka tu dawa, nina haraka," nami nikaweka bila kuzigawa nywele na kuitazama ngozi. Kumbe alikuwa amefumua rasta usiku wa jana yake na kujikwangua mba. Hazikupita dakika tano, nikamwona ameshika mkono wa kiti kwa nguvu, macho yamejaa machozi. Nilimkimbiza kwenye sinki, nikamsuuza kwa maji mengi, kisha nikamwosha kwa shampuu ya kukata dawa, lakini nyuma ya sikio palikuwa tayari pamechubuka, pekundu, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo linaniuma.

Dawa ya kulainisha nywele ni alkali kali inayovunja viungo vinavyoupa unywele msokoto wake, na ikikuta ngozi iliyochubuka haiihurumii. Tangu siku ile, kabla sijafungua kopo, namuuliza mteja amefumua lini, ameosha lini na amejikuna wapi, kisha nazigawa nywele mafungu manne kwa kichana cha mkia na kutazama, hasa nyuma ya masikio na kisogoni. Nikiona kidonda, namwomba arudi kitakapopona kabisa, na majibu yake naandika.

Msimamizi alinung'unika, kwani tawi letu lilikuwa na lengo la mauzo la kila siku, na kila mteja niliyemrudisha alionekana kama fedha iliyotoka mlangoni. Sikubishana naye. Baada ya miezi miwili nilimfungulia daftari: kati ya watano niliowarudisha, wanne walikuwa wamekuja tena, na mmoja wao alikuja na mama yake.