Maonyesho ya historia ya mtaa: ya kupanga kabla msanii hajashika brashi

Ukikabidhiwa usimamizi wa maonyesho ya historia ya mtaa hapa Nairobi, iwe ni Kaloleni, Makongeni, Pumwani au Kibera, wafadhili watakuuliza mapema jinsi kazi itakavyoonekana ikikamilika. Usiwajibu. Ukishaijua picha kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, wakazi hubakiwa na kazi moja tu, kupiga makofi siku ya uzinduzi. Kama wao ni wabunifu wenza au ni mapambo, hilo huamuliwa mapema sana, ndani ya karatasi mbili ambazo wanaoanza kazi hii huziandika haraka haraka: maelezo ya kazi na mkataba.

Kumtafuta msanii

Maelezo ya kazi, kurasa mbili zatosha. Taja mtaa, mahali maonyesho yatakapowekwa, idadi ya vikao, tarehe ya kumaliza, na maamuzi ambayo ni ya wakazi peke yao. Taja pia bajeti yote. Wengi huificha wakidhani watapata bei nzuri, kisha huletewa ndoto ya milioni tatu kwa kazi ya laki sita.

Usiombe mchoro katika maombi. Anayeshinda kwa mchoro hufungwa na wazo alilolipata mezani kwake, na kila mkazi atakayeleta jambo jipya ataonekana anamharibia. Omba kazi mbili alizowahi kufanya na watu, pamoja na nusu ukurasa unaojibu: nani alibadilisha nini katika kazi hizo, na mlipokosana mlifanyaje? Asiye na jibu la swali hilo la pili hajafanya kazi na wakazi, amewachora tu. Wale watatu wanaofika hatua ya mwisho, walipe nauli na siku moja ya kutembea mtaani kabla ya mahojiano. Jopo liwe la watu watano, watatu wao wakazi, na kati yao awepo kijana na awepo mama aliyekaa hapo miaka mingi. Kila mkazi apewe swali lake la kuuliza, la sivyo mtu wa ofisi ataongea saa nzima.

Pesa na mkataba

Kwa mradi mdogo wa mabango manane hadi kumi, mgawo huu hufanya kazi: asilimia 35 ada ya msanii, 25 vifaa na uchapishaji, 15 wakazi, 10 kunukuu sauti na kuhariri, 5 usimikaji, 10 dharura. Bei zikipanda, fungu linaloliwa kwanza ni la wakazi, kwa hiyo liandikwe mkatabani kwamba haliguswi. Posho iwe sawa kwa wote, itangazwe kabla ya kikao, itumwe kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Posho za bahasha zenye viwango tofauti huzaa kamati ya pili kabla wiki haijaisha.

Msanii alipwe kwa awamu zinazofuata kazi: asilimia 30 mkataba ukitiwa saini, 25 rasimu ikikubaliwa na wakazi, 30 kazi ikikabidhiwa, 15 mwezi mmoja baada ya kusimikwa. Ile ya mwisho ndiyo inayomrudisha bango likianza kubanduka. Kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo hukatwa kwenye ada za kitaalamu zikifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mweleze kabla ya kutia saini. Akiigundua kwenye malipo ya kwanza ataamini amepunjwa.

Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Mkinyamaza, basi, shirika lako ndilo litakalomiliki mchoro uliojengwa juu ya masimulizi ya akina mama wa mtaa, na hakuna atakayefurahia siku akiuona kwenye kalenda. Andikeni wazi: msanii anabaki na hakimiliki ya michoro yake, shirika lina leseni ya kuionyesha mahali fulani kwa miaka fulani, bila kuiuza, simulizi na picha za familia zinabaki za wenyewe. Na hata haki ikihamishwa, msanii anabaki na haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake kupotoshwa.

Ndani ya mkataba huo weka milango mitatu ambayo kazi haipiti bila wakazi kusema ndiyo: orodha ya mada, rasimu nzima, na sampuli iliyochapishwa. Ruhusu duru mbili za marekebisho kwa kila mlango, za ziada zilipwe. Bila kikomo hicho msanii atachoka, na bila milango hiyo wakazi wataiona kazi ikiwa imeshagongwa misumari.

Kabla ya kubisha hodi

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Eastlands ni za Kaunti, kwa hiyo ruhusa ya mpangaji haitoshi kuchora ukuta. Pata barua ya mwenye jengo, mjulishe chifu, mjulishe mwakilishi wadi, kisha wazee wa mtaa. Tembea na nakala yenye muhuri.

Ugumu mkubwa zaidi ni shaka. Mtu anayekuja na daftari kuuliza umekaa nyumba hii tangu lini na wangapi mnalala humo anafanana sana na mtu wa kuhesabu nyumba za kubomolewa. Jiji hili lina sababu ya kuogopa: Pangani ya zamani ilibomolewa 1939, na mazungumzo ya kujenga upya mitaa ya Eastlands hayajawahi kuisha. Kwa hiyo fomu zako zisiwe na namba ya nyumba, usipime chochote kwa futi kamba katika mwezi wa kwanza wa kazi, na mwambie kila mtu kwa mdomo maonyesho ni ya nini, yanalipiwa na nani na yatakaa wapi. Usiahidi kwamba yatazuia ubomoaji. Hayawezi.

Vikao

Kikao kimoja cha Jumamosi asubuhi kitakuletea wazee wa kamati na vijana wasio na kazi siku hiyo. Wa jua kali wako Gikomba, akina mama wanafua. Panga nyakati mbili tofauti kila wiki, epuka Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi, na ukiwa Pumwani usiweke kikao cha jioni mwezi wa Ramadhani. Desemba usijaribu, watu wako ushago. Hesabu wiki nane za kukusanya.

Usiulize "historia ya mtaa ni ipi?" Utapata hotuba. Tandaza sakafuni karatasi kubwa ya A0 yenye barabara kuu tu, toa kalamu nene, uliza mfereji wa maji ulikuwa wapi, basi lilisimama wapi, dansi ilipigwa ukumbi upi. Ndani ya nusu saa watu watakuwa wanabishana magoti yakiwa chini, na mtu mmoja aandike anayebisha ni nani na kwa nini. Msanii naye akae sakafuni, bila kuchora bado.

Tarehe hazikumbukwi kwa namba. Mama atakwambia alihamia "watoto wakiwa wadogo". Mpe vigingi vya kufungia: mafuriko ya 1961, Uhuru wa 1963, kifo cha Tom Mboya Julai 1969, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, maziwa ya Nyayo shuleni, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, njaa ya 1984, bomu la ubalozi wa Marekani 1998. "Mboya alikufa mkiwa hapa au bado?" hukupa mwaka karibu kabisa bila kumwaibisha mtu.

Mambo machungu yatakuja. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, wakakamata maelfu ya watu, na wajukuu wa waliozuiliwa na wa waliokuwa homugadi, askari wa kienyeji wa serikali ya ukoloni, huenda leo wanachota maji mfereji mmoja. Masimulizi mawili yakipingana, yaweke sambamba, kila moja na jina la msemaji, bila kutengeneza la tatu la katikati ambalo hakuna aliyelisema. Tuhuma dhidi ya mtu au familia inayotajika haichapishwi, hata kama mtaa mzima unaijua.

Picha na vitu vya watu

Picha ya familia isitoke nyumbani. Peleka skana bapa na kompyuta, piga mbele ya mwenyewe. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ipigwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi: utapata pikseli 2,360 kwa 3,540 hivi, zinazotosha kuchapisha sentimita 40 kwa 60 kwa dpi 150. Zile ndogo za pasipoti zipigwe kwa dpi 1,200, zitafika sentimita 28 kwa 36 hivi. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, rangi yake itabaki kwenye kioo. Ipige kwa kamera karibu na dirisha, kwa mshazari kidogo, bila flashi. Na mtu akisema atakutumia kwa WhatsApp, mwombe aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na kwenye bango uso wa nyanya utakuwa miraba.

Kila faili ipewe namba, jina la mwenyewe, waliomo kutoka kushoto, mahali, mwaka wa kukisia. Fanya hivyo siku ile ile. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unahitaji idhini ya kweli: fomu ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, visanduku tofauti vya sauti, sura na jina, kwa sababu wengi hukubali sauti na kukataa sura. Andika pia kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote, ila ni vyema aseme kabla mabango hayajaenda kuchapishwa.

Vitu kama kitabu cha kodi, kipande cha babu (kitambulisho cha enzi ya ukoloni) au redio ya mbao, ukiweza vipige picha uvirudishe. Ukilazimika kuazima, jaza fomu yenye hali ya kitu, mikwaruzo yake na tarehe ya kurudisha, na kabati liwe na kufuli yenye funguo mbili, moja kwa mkazi. Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, zitakupa picha na ripoti za wakati wa ukoloni, lakini humo maafisa wana majina na wakazi hawana. Chukua nakala, zirudishe kwenye kikao, uliza hawa ni akina nani. Mara nyingi jibu lipo.

Rasimu, kisha vifaa

Bango moja lisizidi maneno 120 hivi. Herufi za maelezo zisiwe chini ya pointi 30, kichwa pointi 90 au zaidi, katikati ya bango iwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Usiidhinishe kwenye skrini: chapisha kipande kwa ukubwa wake halisi, kibandike mahali penyewe, mzee asiye na miwani akisome akiwa umbali wa mita moja na nusu. Majina, kila mtu asome lake na atie saini kando yake. Ya marehemu yasomwe na familia. Hilo huchukua jioni mbili, na bango lililokosea jina la marehemu utalichapisha upya kwa pesa zako.

Kwa nje, MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, usiikubali hata ikipakwa rangi. Mvua za Machi hadi Mei huingia kwenye kingo ikavimba. Alumini ni nzuri lakini ikifikika kwa mkono itaishia kwa wanunuzi wa skrapu, basi iwekwe juu au ndani ya ukumbi, kwa boliti ambazo fundi amezichomelea vichwa. Stika iliyochapishwa bila laminesheni ya kuzuia jua itafifia wekundu na manjano kwanza, watu wako wabaki rangi ya buluu. Ukiamua kuchora ukutani, lipu mpya ipewe siku 28 kukauka kabla ya rangi, na sentimita 60 za chini ziachwe bila sura wala maandishi, maana matone yanayoruka kutoka ardhini yatazila.

Siku ya kusimika, msanii akukabidhi misimbo ya rangi, faili za uchapishaji na namba ya fundi. Sauti na skani ziwe nakala tatu: moja kwa kamati ya wakazi, moja maktaba ya karibu, kwa mfano tawi la McMillan la Kaloleni au la Makadara, moja kwenu. Kila aliyetoa picha apate nakala safi iliyochapishwa, na kila kitu kilichoazimwa kirudi kwa saini kabla ya ile asilimia 15 ya mwisho kulipwa.