Mbuyu wenye tundu shambani: niuzibe kwa saruji?

SWALI: Afisa, shikamoo. Nina mbuyu mkubwa shambani huku Chamwino. Una pango chini, na juu kuna tundu la ngumi moja. Tangu mvua zianze, hondohondo huleta panzi kwenye tundu hilo, ingawa limezibwa kwa udongo na kubaki ufa tu. Usiku kitu kinalia mtini humo, jirani anasema ni jini. Fundi anashauri nimwage saruji mti usioze. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Saruji hiyo kasakafie nyumba. Mbuyu kuwa na pango si ugonjwa. Sehemu inayokuza shina iko huku nje, chini ya gome. Ukiujaza saruji unafungia unyevu ndani, na hapo ndipo uozo unaponoga.

Kuhusu tundu la juu, usiruhusu watoto walibomoe. Ndani yumo hondohondo jike. Amejifungia mwenyewe kwa udongo na kinyesi, akaacha ufa wa kupenya mdomo wa mumewe. Humo hutaga, huatamia, na manyoya yake ya kurukia hunyonyoka yote, kwa hiyo ukibomoa leo umemkabidhi kwa kenge au nyoka. Makinda yakikua kidogo mama hutoka kusaidia kuwinda, na makinda yenyewe huuziba mlango tena kutoka ndani! Nimeshika kipande cha ukuta huo baada ya msimu: kikavu, kigumu kama kigae, kina mabawa ya wadudu yaliyogandamana. Waache mpaka makinda yaruke.

Hondohondo hawezi kuchonga mti. Hutegemea matundu ya asili au yaliyoachwa na vigong'ota, ndiyo maana mti mmoja mzee kama wako una wapangaji wengi. Huyo jini yaelekea ni komba. Mchana hulala kwenye shimo jingine la mti, usiku hutoka kutafuta wadudu na utomvu wa migunga. Ukimpata bundi humo, shukuru, maana panya wa ghalani watapungua.

Pangoni chini mkiona popo, watoto wasiingie kuchezea. Vumbi la kinyesi chao si zuri kwa mapafu. Nyuki wakihamia, usiwashwe moto ndani.

Cha kuchunguza ni hiki: shina likianza kulainika, likatoa maji yenye harufu na nyuzi zikachambuka ukizivuta kwa mkono, mbuyu huo unakufa, nao huporomoka ghafla. Hapo hamisha zizi na kibanda, kisha uniite nije niuone.