Kabla hujampeleka ndugu yako methadoni, pima njia ya kwenda na kurudi

Ukiwa na ndugu anayetumia unga, yaani heroini, na ukasikia kuna kliniki inayotoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, uliza kwanza hili: atafikaje huko kila siku? Kesho, keshokutwa, siku ya mvua, siku ya msiba, siku ambayo hana nauli. Wengi huanza na maswali mazito zaidi: dawa ni salama? ataacha kabisa? majirani watasemaje? Ni maswali ya haki. Ila nimemsindikiza mdogo wangu kwenye tiba hii, nikaendelea kuwasindikiza wengine kwa kujitolea, na wale walioniponyoka wachache sana walishindwa na dawa. Wengine wote walishindwa na njia.

Dawa kwanza, maana usipoielewa huwezi kuitetea. Heroini na wenzake wa jamii ya afyuni hushika vipokezi fulani vya ubongo, yaani sehemu ambazo dawa hizo hujishikiza. Mwili ukishazoea, zikikosekana inakuja arosto: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kukata. Heroini huisha nguvu ndani ya saa chache, ndiyo maana siku nzima ya mraibu huishia kusaka pesa ya kete inayofuata. Methadoni hushika vipokezi vilevile, lakini huingia polepole na kukaa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja ya kunywa humtosha mtu hadi kesho yake. Dozi ikishakaa sawa, halewi, hapati arosto, na kichwa chake kinapata nafasi ya kufikiria kitu kingine. Buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huo huo, huwekwa chini ya ulimi na huamsha vipokezi kiasi tu, kwa hiyo hata dozi ikiongezwa, uwezo wake wa kudidimiza pumzi hufika kikomo. Hilo ndilo linaloifanya iwe rahisi kumpa mtu aende nayo nyumbani. Naltreksoni, dawa ya tatu, ni habari nyingine kabisa, yenyewe huviziba vipokezi hivyo. Inamtaka mtu awe ameshakaa siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote, na hapo ndipo wengi hukwama.

"Si mnabadilisha tu ulevi mmoja kwa mwingine?" Mjomba aliliuliza hilo kwenye kikao cha familia, mbele ya watu. Nilimjibu kwa yale anayoyaona mwenyewe: mdogo wangu analala usiku, hajidungi, simu za watu haziibiwi tena pale nyumbani, na amerudi kwenye uchomeleaji. Ni kweli mwili wake unaitegemea dawa na akikatiza ghafla ataugua. Lakini maisha yaliyokuwa yanabomoka sasa yanajengeka. Mjomba hakukubali, na sikumlazimisha. Nilichomwomba ni asimuulize kijana kila jioni, "Hiyo dawa utaiacha lini?" Ukiwa na mzee wa namna hiyo, usihangaike kushinda mjadala. Mpe kazi. Mjomba yule yule, huku ananung'unika, ndiye aliyekuwa anatoa nauli mwisho wa mwezi.

Tiba hii si jaribio la juzi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha faida yake New York katikati ya miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliziingiza methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Dawa inajulikana, bei yake si ya kutisha ukilinganisha na dawa nyingi za magonjwa sugu, na mtu anayeendelea nayo ana hatari ndogo sana ya kufa kuliko aliye nje ya tiba. Hata hivyo, duniani kote walio nje ni wengi kuliko walio ndani.

Sasa njia. Mahali pengi methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, kwenye kituo kimoja kinachohudumia eneo kubwa. Kwenye karatasi utaratibu huo unaonekana mzuri. Lakini chukua kijana aliyepona kiasi cha kupata kibarua cha kupakia mizigo. Kibarua kinaanza alfajiri, dirisha la dawa linafunguliwa baadaye, foleni ni ndefu, na msimamizi hataki kusikia habari za kliniki. Kijana anaambiwa, bila mtu kutamka, achague kazi au dozi. Nimeona waliochagua kazi, na baada ya wiki hawakuwa na kazi wala dozi. Tiba inayomsimamisha mtu kisha ikamnyima ruhusa ya kutembea inanikera kuliko nauli.

Kuna nchi zilizoilegeza njia, na ukienda kuongea na wahusika wa afya kwenu ni vizuri uwe na mifano mkononi. Ufaransa, mwaka 1995, iliruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini bila mafunzo maalumu ya lazima. Hadi 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilikuwa vimeshuka kwa takriban asilimia 79. Hapakukosekana hasara, wapo waliosaga vidonge na kujidunga, na ukiulizwa hilo usilifiche. Amsterdam ilianza kupeleka methadoni kwa basi mitaani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yaani dawa ndiyo iliyomfuata mtu. Uingereza, wagonjwa wengi hunywea dozi kwenye duka la dawa la mtaani, wakiwa wamesimama kaunta moja na mtu aliyefuata dawa ya kikohozi. Marekani ilikuwa na sheria iliyomtaka daktari awe na kibali cha pekee kabla ya kuandika buprenofini kwa mraibu. Kibali hicho kilifutwa kwa sheria ya Desemba 2022. Kabla ya hapo, wakati wa Korona mwaka 2020, vituo vya huko viliruhusiwa kuwapa wagonjwa waliotulia dozi za hadi siku 28 kwenda nazo nyumbani, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu.

Ukiingia kwenye kikao na hiyo mifano, omba jambo moja tu. Nimekaa kwenye mikutano ya "kupanua huduma" iliyoishia kwenye picha ya pamoja, kwa sababu kila mtu aliomba kila kitu. Ombi langu la kwanza huwa saa za dirisha: lifunguliwe mapema kabla watu hawajaenda vibaruani. Halihitaji sheria mpya wala jengo, linahitaji ratiba ya zamu. Likikubaliwa, linafuata la dozi za nyumbani kwa waliotulia, kisha kituo cha pili. Magereza nayo yasisahauliwe. Mtu aliyetoka gerezani bila tiba mwili wake umeshapoteza ustahimilivu, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kukata roho siku hiyo hiyo, na wiki mbili za kwanza nje ndizo mbaya kuliko zote.

Majirani watapinga kituo kipya. Watasema kinaleta wezi. Usijibu kwa hotuba ya haki za binadamu, hata kama unaiamini. Mimi huwaomba viongozi wa mtaa waje kukaa kituoni asubuhi ya dozi waone watu wakinywa, wakitia saini na kuondoka. Na ninamwomba mama mmoja mwenye mtoto kwenye tiba ndiye aongee, kwa sauti yake, bila karatasi. Waraibu tayari wapo mtaani, maskani inajulikana ilipo na sindano zinaokotwa pale watoto wanapochezea. Kiongozi wa mtaa huelewa habari za sindano haraka sana.

Kuna vizingiti vingine vilivyo ndani ya kliniki yenyewe. Sharti la kuja na ndugu wa kukudhamini, wakati mtu ameshafukuzwa na ndugu wote. Sharti la kumaliza vikao kadhaa vya ushauri nasaha ndipo dawa ianze. Ushauri nasaha unasaidia na nisingependa uondolewe, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba anayeukataa asinyimwe dawa. Kibaya zaidi ni kumfukuza mtu kwa sababu mkojo wake umeonyesha heroini. Mwenye kisukari sukari ikipanda haambiwi arudishe insulini. Mara nyingi mkojo ule unasema jambo la kitabibu tu, kwamba dozi ni ndogo. Methadoni huanza chini, kawaida isizidi miligramu 30 siku ya kwanza, kisha hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Nimekutana na watu walioachwa kwenye 40 kwa miezi kwa sababu ya imani kwamba dozi ndogo ndiyo tabia njema. Ndugu yako akikuambia arosto inamrudia kila alfajiri, usimshuku. Nenda naye kwa daktari, mseme hivyo hivyo.

Nyumbani, mambo machache ya kushika bila mzaha. Wiki mbili za kwanza za methadoni zina hatari, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini huku mtu akidhani haijafanya kazi na kuongezea unga juu yake. Pombe na vidonge vya usingizi ni marufuku, vyote hudidimiza pumzi. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kliniki ya methadoni ijulishwe siku hiyo hiyo, maana rifampisini huimaliza methadoni mwilini haraka na arosto inarudi bila kosa la mtu. Buprenofini ina onyo lake: ikichukuliwa mapema wakati heroini bado imo, huleta arosto kali ya ghafla, kwa hiyo asubiri hadi arosto ya kawaida ianze. Dozi ya nyumbani ifungiwe kwa ufunguo, kwani kipimo cha kawaida cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto.

Na ulizieni naloksoni. Hurudisha pumzi ya mtu aliyezidisha dozi, ipo ya sindano na ya kupuliza puani, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ipewe mtu yeyote anayeweza kushuhudia tukio kama hilo, wakiwamo familia na watumiaji wenyewe. Nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, wakati methadoni inaendelea, kwa hiyo akizinduka bado apelekwe hospitali.

Wanawake ni wachache sana kwenye foleni ninazozijua, na si kwa sababu hawatumii. Wengine huzuiwa na mwanamume anayewaletea unga, wengine hawana pa kumwacha mtoto, wengine wanaogopa kuonwa. Mjamzito husikia mtaani kwamba methadoni itamuua mtoto, basi anaacha vyote kwa mkupuo, na kuacha ghafla ndiko kunakoweza kuhatarisha mimba. Anatakiwa aendelee na dawa chini ya daktari. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, nazo hutibika, na mara nyingi mama huruhusiwa kunyonyesha. Kama kituo chenu kinaweza kutenga saa moja ya wanawake peke yao, mimi ningeanza na hilo hata kabla ya gari la kutembeza dawa.

Atakosa siku. Karibu kila mtu hukosa. Akikosa 3 mfululizo au zaidi, asinywe dozi yake ya zamani kama vile hakuna kilichotokea, kliniki itaishusha na kuipandisha upya. Wengi hawalijui hilo, na wanaolijua huona aibu ya kuanza tena chini, basi hawarudi kabisa. Kwa hiyo mtu apigiwe simu siku ya kwanza anayokosa, na aambiwe aje hata kama jana ametumia. Wahudumu huwa wamezidiwa, simu hiyo haipigwi. Kama mpo watu wawili watatu mnaoweza kujitolea, ombeni kazi hiyo muifanye nyinyi, kwa namba za wagonjwa walioridhia kutafutwa, na mkubaliane na kliniki mapema mtasema nini iwapo atapokea mtu mwingine.