Chuo cha kusomea huduma ya vijana

Mdogo wangu, umeuliza uende chuo cha Makumira kilichoko Usa River, Tanzania, au St. Paul's ya Limuru, Kenya, ukasomee huduma ya vijana. Anza na mchungaji wako: Makumira ni ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na kanisa lako ndilo litakalokupokea ukimaliza. Hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, au CUE, tume kama hiyo kwa Kenya.

Ila mimi ningetazama zaidi mafunzo kwa vitendo. Nilikosoma mimi nilifundishwa Kigiriki vizuri kabisa. Halafu jioni moja binti wa kipaimara akanililia nje ya kanisa, ana mimba, nikabaki nimeshika Biblia, sina neno. Uliza kama wanafundisha ushauri nasaha, na nani atakusimamia ukipelekwa usharikani. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si ofisi tu.